Bwana Harusi Asiyemo Pichani

Nesi alipoanza maombi ya kwenda kufanya kazi ng'ambo, hakuwa na mume. Kabla majibu hayajatoka akaolewa na mpiga picha wa maharusi, mwanamume mpole, bega moja limeshuka kwa kubeba mkoba wa kamera. Ikabidi mume aongezwe kwenye maombi. Cheti cha ndoa kilikuwepo, pasipoti ilikuwepo, picha za harusi zilikuwepo. Ofisa wa uhamiaji, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, akaipekua bahasha yao, kisha akainua uso.

"Mbona hapa namwona bibi harusi peke yake? Bwana harusi mwenyewe yuko wapi?"

Kweli bwana. Siku ya harusi yao, mume alimnyang'anya msaidizi wake kamera akidai anaharibu mwanga, akaipiga sherehe nzima yeye mwenyewe. Picha zilitoka nzuri ajabu, na bwana harusi hakuwamo hata kwenye moja.

"Nileteeni zenye nyuso mbili," ofisa akasema. "Za harusi, na za maisha ya kila siku."

Nyumbani, mume alijiinamia kitandani. "Nimekuharibia safari, mke wangu."

"Hujaharibu kitu. Hebu nipe simu nimpigie wifi."

Wifi yake walimwita Redio, na hawakumsingizia. Alipoelezwa, alicheka mpaka akapaliwa. "Kaka yangu huyu! Niachie mimi." Akatangaza kwa ukoo, kwa majirani, kwa wenzake Nesi wa wodini: mwenye picha ya hawa wawili, hata iwe mbaya vipi, ailete.

Zikamiminika. Shangazi alileta ya ukumbini, mume amepiga goti anamfungia mkewe kiatu, kamera imemning'inia mgongoni. Jirani alileta ya siku bomba lilipopasuka, wote wawili wamelowa chapachapa, wanafagia maji huku wamekufa kwa kicheko. Ya mlinzi wa hospitali, Nesi aliisogeza karibu na macho: mume amesinzia kwenye benchi la mapokezi, mdomo wazi, naye Nesi, bado yumo kwenye sare, anamfunika koti.

"Kila ukiwa na zamu ndefu alikuja kukusubiri," mlinzi alimwambia. "Tulikuwa tunamcheka, lakini mlikuwa mnatutia wivu."

Mume aliikagua kwa jicho la fundi. "Imepigwa ovyo. Miguu yote imekatwa."

"Nyamaza wewe," Nesi alisema, machozi yakimlengalenga. "Inazishinda zako zote."

Walirudi kwa ofisa na bahasha iliyotuna. Mama yule akavaa miwani na uso wa kazi. Kwenye ile ya bomba, midomo ikamcheza. Kwenye ile ya benchi, akamtazama mume, akamtazama mke.

"Huyu hulala hivi kila mara?"

"Tena anakoroma," Nesi akajibu.

Ofisa akaangua kicheko, akauvuta muhuri, akaugonga mpaka kalamu zikaruka mezani. "Ameongezwa. Mtasafiri pamoja."

Nje, Nesi alimpigia mama mkwe. Hata hakumaliza kusema. Vigelegele vililipuka simuni mpaka watu wa foleni wakageuka. Mwanamke mmoja, asiyewajua kabisa, akaitikia kwa kigelegele chake, mwingine akadakia, na askari wa mlangoni akaja mbio kuuliza kulikoni.

"Tunaondoka wote wawili!" mume akapaza sauti, yule yule mpole, kwa nguvu ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

Askari akampa mkono.