Mkono wa Kushoto

Mimi sikuajiriwa kufundisha watoto kudanganya kwa mikono. Nilimwambia hivyo dirikta wetu, mkuu wa shule, Mzee Munyemana, mwaka 1998, tulipokuwa tunamngojea mkaguzi pale Kamembe mpakani na milio ya bunduki za Bukavu, ng'ambo ya pili, ikitufikia hadi darasani.

Desturi ya shule ilikuwa hii: mkaguzi akiuliza swali, darasa zima linanyosha mikono. Anayejua ananyosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, na mgeni anaondoka ameridhika. Dirikta alinionya kwamba mkono mmoja tu ukibaki chini, kazi sina, nirudi ng'ambo nilikolelewa.

Nilikasirika sana. Watoto wangu walikuwa wamepoteza miaka kwenye kambi za wakimbizi na njiani. Walichohitaji ni kujua namna ya kujifunza, hata siku mwalimu hayupo. Isitoshe, nchi hii imeshaona, katika mauaji ya 1994, watu wanaoitikia kwa pamoja bila kujiuliza. Nikawazoeza vingine: asiyejua asinyoshe mkono, aseme amekwama wapi, na mwenzake amsaidie kwa swali, si kwa jibu.

Mkaguzi akaja, akaandika ubaoni hesabu ngumu ya kugawanya. Mikono michache tu ikapanda. Dirikta akanitazama kama niliyemtukana mama yake. Mkaguzi akamwita Shimwa, msichana aliyekuwa ametulia, mikono mezani.

"Papa, sijue," Shimwa akasema. "Lakini najua fasi nakwamia."

Akaenda ubaoni kuonyesha mahali hapo, akaanza vizuri, akakwama. Mwenzake Ganza akamuuliza swali. Shimwa akafuta, akajaribu tena, akakosea, akafuta. Mkaguzi akatazama saa, akatoka kabla Shimwa hajamaliza. Jioni ile nikafukuzwa.

Kesho yake nilirudi kuchukua mwavuli wangu. Dirikta mwenyewe alikuwa mbele ya darasa langu, nami nikasimama dirishani. Hesabu ya jana ilikuwa bado kwenye kona ya ubao, imemalizwa kwa mwandiko wa Shimwa, na jibu lilikuwa sahihi. Dirikta akauliza swali jipya. Akaamuru kwa ukali wote wanyoshe, na asiyejua anyoshe wa kushoto. Hakuna aliyenyosha.

Shimwa akasimama. "Papa Dirikta, hapa hatujue. Utuache tutafute."

Dirikta akageuka, akaniona. Sikujificha. Kazi sikuwa nayo tena, na nilicheka kwa sauti, watoto wangu wasikie.