Kipimo cha Kumi na Tisa

Wiki ya tatu tangu wamzike mwanawe Olweny, Mzee Oola aliketi sebuleni kwake Kyebando akisoma noti za muziki kwa sauti, kama karani anayesoma orodha ya vifaa vya bohari. Alikuwa ameiongoza bendi ya polisi miaka kumi na minane kabla ya kustaafu. Sasa Sajini Joska wa bendi hiyo alikuwa amekuja na kompyuta ili auandike upya wimbo wa gwaride alioutunga mzee. Makaratasi ya zamani yalikuwa yamechakaa, na kesho wapigaji wangepewa nakala mpya.

"Afande, mwandiko wako ni kama wa kadi ya harusi," Joska alisema. "Lakini hii kompyuta haitaki urembo. Inataka herufi tu."

Alikuwa amekwisha kumweleza. Noti ziliandikwa kwa herufi na tarakimu katika faili moja, na huo ndio muziki wenyewe. Ukubwa wa karatasi, nafasi kati ya mistari na mahali pa kugeuza ukurasa vilikaa katika faili nyingine. Hayo ni mavazi. Ukiyabadilisha, muziki hauguswi. Oola aliyaelewa yote, na hakuna hata moja lililomwingia moyoni.

Walipofika kwenye yufoniamu, lile tarumbeta nene alilokuwa akipuliza Olweny, Joska alisita.

"Kipimo cha kumi na tisa, haya mapigo manne kati ya mistari miwili ya wima, kiko tupu. Wenzake wote wanapiga, yeye ananyamaza. Hii ni muziki ama ni mavazi?"

"Nilizifuta noti," Oola alisema. "Pumu ilipomzidi, hakuweza kuumaliza mstari kwa pumzi moja. Nikamwachia mapigo manne avute hewa."

"Kumbe! Na pale bendi wanatufundisha hiyo kimya ni ufundi mkubwa. Eti inashangaza adui!"

"Waongo wakubwa," alisema Oola, bila kucheka.

Joska aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Afande, nikikiacha kitupu, kila atakayeupiga wimbo huu atanyamaza hapo, hata sisi tukiisha kufa. Ama naandika noti zako za kwanza, halafu kwenye faili ya mavazi naamuru zifichwe katika nakala moja tu. Ya Olweny. Inawezekana."

"Nakala hiyo atapewa nani?"

Joska alirudisha mikono kwenye kompyuta.

Oola aliungoja uchungu uje. Alijua kwamba hapa ndipo mahali pake. Haukuja. Alichohisi ni kwamba chai yake ilikuwa imepoa.

"Andika," alisema. "F, A, G, F. Zote pigo moja moja."

Joska akaandika, kisha akabonyeza, na kompyuta ikaipiga sehemu ile kwa sauti ya bati. Ilikivuka kipimo cha kumi na tisa bila kutua, ikaenda moja kwa moja hadi mwisho wa mstari.

"Iko sawa, Afande?"

"Iko sawa." Akafunua karatasi iliyofuata. "Sasa klarineti ya pili."