Ngamia Hakamwi kwa Kuketi

Alfajiri hiyo Mzee Siyad aliitukana miguu yake kwanza, serikali baadaye. Miguu iliyowahi kuswaga mifugo hadi Mandera, leo mapaja yamenywea, kikoi kinapepea kama kimeanikwa.

Abshir, mwanawe, alikuwa ameshika kamba tayari. Walikuwa wamepeana neno: mzee akimkama mwenyewe ngamia wa marehemu mkewe, Lul, ngamia abaki hapa Bura. Akishindwa, aende malishoni na kundi.

"Aabo, baba yangu, wacha tu. Nitakuletea maziwa."

"Ya mtungi wa plastiki, yamelala njiani? Kunywa wewe!"

Ngamia huyo ndiye kitu pekee cha Lul kilichokuwa bado kinapumua. Lul mwenyewe alikufa akingoja gari la wagonjwa, nalo gari liko mkutanoni limebeba viti vya wakubwa. Baadaye wakubwa hao hao wakamletea Siyad kiti cha magurudumu, wakapiga naye picha, wakaenda zao. Kiti cha magurudumu, kwenye mchanga huu!

Nyumbani lakini walifurahi, heshima ikazidi. Binti yake Ifrah akamletea chakula hapo hapo alipoketi, maji ya kutawadha hapo hapo, na vijana wakamsukuma mpaka msikitini. Mzee haachwi ainuke, watu watasema nini?

Mpaka Kinoti, tabibu wa zahanati, mtu wa Meru asiyejua kuremba maneno, alipomminya mapaja.

"Mzee, uzee umekula kidogo. Kuketi kumekula zaidi. Nyama ya mguu usiofanya kazi inaisha. Inuka, keti, inuka tena, kila siku."

"Na walipokuwa wakinipiga picha, wewe ulikuwa wapi?"

"Hawakuniuliza, mzee."

Sasa ngamia amesimama, ndama ameshanyonya kidogo. Ngamia hakamwi kwa kuketi. Mkamaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja juu ya goti, bakuli la mti limekaa pajani, mikono yote miwili iko kwenye chuchu. Siyad aliyajua hayo tangu utotoni.

"Bismillahi."

Akakunja mguu. Maziwa yakachuruzika, povu likapanda, uso ukaanza kumkunjuka. Kisha goti likatetemeka, likaachia. Mzee chini, bakuli chini, mchanga ukanywa.

Abshir akamkimbilia.

"Usiniguse! Mmeninyanyua mpaka mmenilemaza!"

Akatambaa hadi kwenye nguzo ya boma, akaikumbatia, akajivuta polepole akihema na kulaani, mpaka akasimama.

"Basi abaki, Aabo," Abshir akasema, macho chini. "Haidhuru."

"Neno ni neno! Mimi ni mwanasiasa? Mchukue. Mvua ikinyesha umrudishe, nitamkama mbele ya macho yako."

Abshir akamfunga ngamia kamba, akaondoka naye. Mzee akabaki pale pale, miguu ikimtetemeka, akilitazama vumbi.

"Aabo, keti basi," Ifrah akambembeleza.

"Keti wewe!"