Lami Juu ya Lami

Gari-nyumba lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, choo, na tangi la maji juu ya paa. Kitandani alilala bibi mmoja ambaye miguu iliyovimba ilimzuia kupanda basi. Mjukuu wake wa kike ndiye aliyelikodi gari, ili bibi akamwone dada yake mahututi kabla hajakata roho. Tangu asubuhi simu zilikuwa zinaingia: bado anapumua, fanyeni hima.

Penye njia panda, dereva, ambaye wenzake walimwita Breki, akasimama. Ramani ya simu ilimtuma kushoto, chini ya daraja la reli. Kulia ni kuzunguka nusu saa nzima.

Daraja hilo Breki alilijua. Kibao chake kinasema kimo cha kupita ni mita tatu na nusu, na siku kilipopigiliwa kilisema kweli. Tangu hapo barabara imemwagwa lami mara nne, kila uchaguzi mara moja, lami juu ya lami, bila kukwangua ya zamani, kwa kuwa hakuna mheshimiwa anayetaka kupigwa picha akikwangua. Daraja limebaki palepale; barabara ndiyo iliyopanda. Breki alishapima kwa mkono wake: mita tatu na sentimita kumi na mbili. Akaiandikia idara ya barabara barua mbili, zikapigwa muhuri, zikalala. Gari lake na tangi lake, kwenda juu, ni mita tatu na sentimita ishirini.

Akampigia msimamizi wa safari ofisini.

"Bosi, hapa sipiti. Nazunguka kulia."

"Ramani inasema unapita, mzee. Urefu wa gari tumejaza, wa daraja umo."

"Umo wa kibao!"

"Ukitoka kwenye mstari, mfumo unaniletea taarifa. Unazo mbili tayari. Ya tatu si mimi nitakayekufukuza, ni mfumo."

"Huo mfumo una watoto?"

"Wewe ndiye unao. Walishe."

Mjukuu akachungulia kutoka nyuma. "Anko, tunangoja nini? Simu si inasema kushoto?"

Breki aliwakumbuka madereva kumi na mmoja wa kampuni yao waliogoma mwaka mmoja, na jinsi walivyorudi mmoja mmoja, macho chini, kuomba kazi ileile. Yeye alikuwa wa tisa kurudi. Labda tairi zitabonyea, alijiambia. Labda nilipima vibaya. Akakata kushoto, polepole, akijidanganya kwa mwendo wa konokono.

Paa lilichanika kwa mlio wa bati. Tangi likapasuka, maji yakamwagikia kitandani. Gari likakwama kama kabari, haliendi mbele wala nyuma, na nyuma yake honi zikaanza kutukana.

Walikuwa bado wanamfunika bibi kwa shuka kavu simu ilipoita. Mjukuu alisikiliza, akakaa sakafuni penye maji.

"Ametangulia?" bibi aliuliza.

Mjukuu akaitikia kwa kichwa.

Bibi akamgeukia dereva. "Mwanangu, ulijua hatupiti?"

"Nilijua, mama."

"Na ukaenda."

"Nikaenda."

Mjukuu aliinuka amshike bibi mkono, lakini bibi akamsukuma kando.

"Wewe kaa. Huyu ndiye atakayenishusha. Anibebe mpaka ng'ambo ya daraja, aujue uzito wangu."

Breki akainama, akambeba.