Majina Yasiyoingia Kwenye Faili

Mutanu alifungua kitambaa, akaiweka simu yake mezani kama mtu aliyemfikisha mgonjwa zahanati.

"Ndinda, mvua ya majirani hutangazwa kwa simu. Yangu hunikuta shambani."

Ndinda alitabasamu. Programu iliyowatumia wakulima wa ndengu wa Kyuso utabiri wa mvua aliiandika mwenyewe, miezi minne baada ya kuhitimu. Kila asubuhi alifungua faili la matokeo na kusoma: umetumwa, umetumwa, umetumwa. Ujumbe wa leo, Jumanne, ulisema mvua ingeanza Alhamisi. Mbegu ziwe ardhini kesho.

"Faili halionyeshi kosa lolote, Susu," Ndinda alisema, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Basi kosa ni mimi. Msimu uliopita nilichelewa, nikavuna debe moja. Sasa nina mbegu za kupanda mara moja tu."

Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililomchoma Ndinda.

"Ngoja niutume ujumbe tena ukiona. Ila wengine watapata mara mbili."

"Wana bahati."

Mistari ilipita kwenye skrini mbio, kama mbuzi waliofunguliwa zizi.

"Hao wanaokimbia ni akina nani?"

Ndinda aliinamia skrini. Kila siku mistari hiyo ilipopita, yeye alikuwa akichemsha chai. Alama ya > aliyoiandika ilipeleka kwenye faili matokeo mema tu. Makosa yalikuwa na njia yake. Yaliishia kwenye skrini, yakapotea. Akaandika amri upya, makosa nayo yapate faili lake:

python3 tuma.py > matokeo.txt 2> makosa.txt

Faili la pili lilikuwa na majina sitini na matatu. Mutanu alikuwa katikati ya Musyimi na Kanini. Namba haitumiki.

"Hiyo ilikufa na simu ya zamani," Mutanu alisema. "Musyimi naye alibadilisha laini. Kanini mpate kwa mkwewe. Andika."

Wakaketi bega kwa bega, mmoja akitaja, mwingine akipiga simu. Kufikia saa sita yalibaki majina matano.

"Kitonga hana simu siku hizi," Mutanu alisema akiinuka. "Nitampitia."

"Lakini Susu, wewe mwenyewe hujapanda."

"Ndiyo maana nitatembea haraka."

Ndinda hakulifuta jina la Kitonga. Aliweka alama ya kuuliza kando yake, ikisubiri habari kutoka kwa Mutanu, akapiga namba iliyofuata.