Samaki Juu ya Mbavu za Kaingu

Bibi Kadii, aliyekuwa akiuza chai na mahamri pale Matsangoni, kwenye timbo la kuchongea mawe, alidai kwamba siku mchonga mawe Kaingu alipoangukiwa na mawe, lori lilipakia mawe kwanza. Kaingu akawekwa juu yake kama gunia la makaa. Lori likashika njia ya Watamu, likateremsha mawe kwenye hoteli mpya iliyokuwa ikijengwa ufuoni, moja moja, taratibu, yasije yakavunjika pembe. Ndipo likampeleka mtu hospitalini. Kila alipoisimulia habari hiyo, Bibi Kadii aliongeza kitu. Mara dereva alisimama njiani kununua madafu. Mara alisimama kununua madafu akabishania bei. Lakini hilo la mawe kwanza halikubadilika hata siku moja, na Kaingu mwenyewe alipoulizwa alisema ni kweli, na kwamba dafu alionjeshwa.

Nyevu, mkewe, alikuwa na kazi yake. Alikuwa akimgeuza. Kumgeuza mtu aliyevunjika mgongo na mbavu kuna utaratibu wake. Unapitisha leso chini ya kiuno, unazikunja pembe zake mkononi, unategemeza goti kwenye kitanda cha kamba, unavuta. Na huku unavuta, unaongea maneno ya kawaida ili asikaze mwili. Nyevu aliongea habari za kuku.

"Yule tetea mweusi ametaga ndani ya kapu lako la kazi," alisema.

"Juu ya tindo zangu?"

"Juu ya tindo zako." Na Kaingu akawa ameshageuka.

Wachonga mawe wana desturi yao. Mtu akijikata, jeraha hufunikwa kwa vumbi la jiwe lile lile lililomkata, na damu hukoma. Na jiwe lililokunywa damu ya mtu haliuzwi. Huwekwa kando, ukingoni mwa timbo, mpaka mvua ilioshe. Siku ile wenzake walimjaza Kaingu vumbi mbavuni kwa viganja vyao, wakimwita jina asilale. Walifanya vizuri. Lakini mnunuzi alikuwa akingoja, na mwenye timbo akasema jiwe ni jiwe. Mawe yakapakiwa mabichi, damu haijakauka.

Dalili ya kwanza ilikuwa chokaa. Ukuta uliojengwa kwa mawe yale ulipopigwa lipu huko Watamu, mgongo wa Kaingu ulikauka, ukawa mweupe, na Nyevu alipompaka mafuta ya nazi viganja vyake vilitoka na chokaa. Baadaye Kaingu akanuka rangi, akawa hawezi kula. Kisha hoteli ikavutiwa stima. Ilikuwa magharibi, Nyevu anamlisha uji, taa ikawaka chini ya ubavu wa kushoto, ya manjano, imetulia. Nyevu akamaliza kumlisha, akaenda kuzima kibatari, maana mafuta ya taa yalikuwa adimu.

Waya za stima zilipita juu ya Matsangoni nzima bila kumshukia mtu. Kwa hiyo Bibi Kadii akawa anakuja jioni na ungo wake wa kunde.

"Mwanangu, huyu anashinda karabai," alisema. "Hebu msogeze kidogo upande huu."

"Hasogezwi, Bibi. Sogea wewe."

"Makubwa! Mume ana stima, mke ana kiburi."

Kaingu alicheka, akashika mbavu. Kucheka kulimuuma. Lakini misumari ilimuuma zaidi. Kila msumari uliopigwa kwenye ukuta ule uliacha tundu mwilini mwake, na Nyevu alilijaza pamba yenye mafuta. Mashine ya baridi ilipofungwa kwenye ukuta ule, alitetemeka katika jua la adhuhuri, akafunikwa blanketi mbili na gunia.

Kambi, fundi wa mifupa, alikuja kumpapasa. Alipitisha vidole ubavu kwa ubavu, amefumba macho.

"Imeanza kushikana," alisema. "Kama ugali unapoanza kushika mwiko. Ukuta ule usipoguswa mpaka mwezi uishe, ataketi. Akiketi atasimama."

"Na ukiguswa?"

"Ukitobolewa sasa, usiniite. Mfupa nimeshaubembeleza mara mbili. Nenda kawaambie, si jambo kubwa. Ni ukuta mmoja."

Nyevu alimwachia Bibi Kadii leso na maelekezo, akapanda basi, akashuka Gede, akatembea mpaka Watamu. Msimamizi wa hoteli alikuwa mtu wa bara aitwaye Gerishom, mrefu, mwenye sauti ya upole. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampeleka kwenye baa.

"Hiyo ukuta tunaijua, mama," alisema. "Iko na joto. Asubuhi vijana wanaegemea hapo wakikunywa chai. Na ukiigonga msumari inasema kitu."

"Husemaje?"

"Sijui. Inasema kwa Kigiriama."

Nyevu aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa ukipumua, upande wa kushoto ukiburura kidogo, kama alivyomwacha Kaingu. Sakafuni, juu ya magunia safi, alilazwa samaki. Alikuwa sulisuli, mrefu kuliko kitanda cha Kaingu, amejazwa pamba, amepakwa rangi ya samawati ikang'aa, na jicho lake ni gololi. Mwenye hoteli alimvua mwenyewe. Alitaka atundikwe kwa bolti nne, mkabala na mlango, kabla wageni wa Krismasi hawajafika.

"Basi mtundikeni kwenye ukuta ule mwingine, baba."

"Hiyo inapigwa na jua. Samaki itapauka."

"Mpaka mwezi uishe tu. Alazwe hapo alipo. Hana haraka, ameshakufa."

Gerishom aliinamisha kichwa. "Mimi ni mtu wa kuandikwa, mama. Wacha niulize." Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na chupa ya mafuta ya wazungu ya kuotea jua, iliyotumika nusu.

"Mwenyewe anasema pole sana. Anasema hata yeye mgongo inamsumbua. Amekupatia hii umpake."

"Na samaki?"

"Ya samaki hakusema."

Nyevu alifika nyumbani, akamvua Kaingu shati ili ampanguse jasho. Kwenye mbavu zake kulikuwa na alama nne za kalamu ya risasi, misalaba midogo, imepimwa vizuri. Alizisugua kwa sabuni ya kipande. Zikafutika. Alipokwisha kusuuza kitambaa zilikuwa zimerudi.

"Wamesema nini?" Kaingu aliuliza.

"Wamesema pole."

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano, yale ya msaada, magumu kama kokoto. Siku hiyo Nyevu aliyatwanga mpaka mchi ukapasuka.

Bolti ziliingia asubuhi, Kaingu akiwa katikati ya kunywa uji. Nyevu alikuwa amempitishia leso na kumshika mabegani, akimweleza habari za kuku. Alizieleza zote, kuku wa kwao na kuku wa jirani, na zilipokwisha akazianza tena. Tundu la tatu lilipoingia, mbavu zilizokuwa zimeshikana ziliachana. Zilitoa mlio wa kijiti kikavu. Kambi aliitwa, na kama alivyosema, hakuja.

Krismasi ikafika. Wageni walisimama chini ya samaki kupigwa picha, na mwanga mweupe ukawa unamulika ndani ya kifua cha Kaingu, tena na tena. Bibi Kadii alilalamika kwamba unamharibia macho, hawezi kuona wadudu kwenye kunde.

"Nyevu," Kaingu alisema.

"Naam."

"Kawaombe wamgeuze samaki. Mdomo wake unanichoma hapa, upande wa moyo. Simwambii mtu amtoe. Wamgeuze tu, kama unavyonigeuza mimi."

Nyevu akaenda. Kutoka Gede hadi Watamu alitembea akitukana kwa sauti, mwenye timbo na dereva na mwenye hoteli na samaki, mmoja mmoja, bila kumruka mtu, na waliokuwa wakipita na kuni zao walimpisha. Kwa hiyo alipofika kwenye baa hakuwa na matusi tena. Alikuwa na koo kavu na lile ombi.

Gerishom alikuwa amesimama na trei ya bilauri tupu, bega lake limegusa ukuta.

"Afadhali umekuja, mama," alisema. "Tangu juzi hii ukuta inasema neno moja tu, haichoki. Inasema nini?"

Nyevu akaweka kiganja chake kwenye lipu, akasikiliza.

"Unasema mgeuze samaki."

Gerishom alimtazama samaki. Aliutazama mdomo wake mrefu, na bolti nne, na lipu iliyozunguka bolti, ambayo ilikuwa imeanza kuwa na unyevunyevu. Akafungua kinywa. Kutoka uani mtu aliitisha barafu, na Gerishom akaenda kupeleka barafu.

Nyevu akabaki amesimama, kiganja ukutani, anangoja arudi.