Mitamba Saba kwa Siku Moja

Mtamba wa Husna alikuwa ameingia joto la kutaka dume mara tatu, na mara zote tatu Sefania, mhimilishaji wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mtungini, alifika kutoka Lushoto mjini joto limeshapita. Hakuwa mvivu. Alikuwa peke yake kwa vijiji kumi na vinne, na barabara ya kupanda kijijini kwa Husna ni mbaya.

Mara ya tatu Husna akamuuliza, "Hakuna namna ya kupanga siku yenyewe?"

"Ipo," alisema Sefania. "Sindano za homoni, mbili, zikipishana siku kumi na moja. Siku ya tatu baada ya ile ya pili, napandisha. Ukinipatia mitamba saba, wote watakuwa tayari siku moja."

Husna akazunguka nyumba kwa nyumba. Watano walikubali. Akabaki Mzee Zuberi, mjomba wa mumewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unatibu ng'ombe wasioumwa."

"Wangu atachomwa wa kwanza, mbele yako. Akidhurika, wako umrudishe bandani."

Mzee akakubali.

Sefania aliwapima wote kwanza, kwani sindano ile ingeharibu mimba ya mtamba aliye nayo. Akachoma, na baada ya siku kumi na moja akachoma tena. Siku ya kupandisha ilipofika, mvua ilikuwa imekesha ikinyesha. Asubuhi Sefania akapiga simu: udongo umeporomoka, pikipiki haipiti, na mtungi wa mbegu ni mzito, hawezi kuubeba peke yake.

"Kesho je?" Husna aliuliza.

"Kesho tutakuwa tumechelewa."

Mitamba walikuwa wakilia tangu alfajiri, wengine wakipandana. Husna alivaa mabuti akashuka. Kwenye kona akasikia hatua nyuma yake: Mzee Zuberi, panga mkononi. Walimkuta Sefania chini ya maporomoko; mzee akakata mti mnyoofu, wakauning'iniza mtungi katikati. Husna akashika mbele, Sefania nyuma, wakapanda kupitia mashamba ya kabichi, mzee akitangulia kuwaonyesha pa kukanyaga. Husna aliteleza mara mbili akapiga goti, mtungi haukuinama. Kufikia adhuhuri mitamba wote saba walikuwa wamepandishwa.

Baada ya miezi mitatu Sefania alirudi kupima mimba. Wa kwanza anayo, wa pili anayo. Wa tatu hana. Wa nne na wa tano wanazo. Wa sita alikuwa wa Mzee Zuberi. Sefania alipapasa kwa muda mrefu, akatoa mkono.

"Huyu bado, mzee."

Husna aliinamisha kichwa, akingoja lawama. Mzee Zuberi alimpigapiga mtamba wake mgongoni.

"Sindano nyingine lini?" akauliza.

Kisha ikaja zamu ya Husna. Akamshika mtamba kichwa ili asimwone Sefania usoni.

"Kuna ndama humu, mama."

Husna alicheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wenzake wakacheka naye.

Kiangazi kilichofuata, ndama watano walizaliwa kijijini ndani ya siku tisa. Wa Husna alikuwa jike, mweusi mwenye baka jeupe pajani. Kabla jua halijapanda alikuwa amesimama, ananyonya, na Sefania alikuwa na orodha ya mitamba kumi na tisa wa awamu ya pili.